Waafghani wa Jangwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Wapashtuni wa Australia na Wazao Wao

Mpashtuni ni nani hasa?

Wapashtuni ni watu wa kusini na mashariki mwa Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa Pakistan. Lugha yao ni Kipashto, na karibu wote ni Waislamu. Mwaka 1893 Waingereza waliwapitishia mpaka katikati, ule unaoitwa Mstari wa Durand, ukoo mmoja ukajikuta nusu huku na nusu kule. Wahindi huwaita Wapathani. Wana mwenendo wao wa kuishi uitwao Pashtunwali: kumkirimu mgeni, kumlinda aliyekuja kuomba hifadhi, na kutoacha heshima ya nyumba ichezewe. Ukishaujua mwenendo huo, mengi ya hapa chini yatajieleza.

Kwa nini Australia, wakati Wapashtuni wamejaa London na New York?

Kwa sababu Australia walifika zamani, tangu 1860, na kuna watu huko leo ambao babu wa babu yao alitoka Kandahar au Peshawar. Tena ni historia ambayo wengi huijua kwa neno moja tu, Ghan, jina la treni ya kitalii. Na neno lenyewe ni "Afghan" lililokatwa kichwa.

Basi mbona waliitwa Waafghani? Wote walikuwa Wapashtuni?

Zamani neno Afghan lilikuwa na maana ya Mpashtuni hasa, kwa hiyo kwa wengi wao jina halikuwa kosa. Walikuwemo Wadurrani na Waghilzai, Waafridi wa milima ya Tirah, na Watarin wa bonde la Pishin. Miongoni mwa Waghilzai wapo wanaoitwa Powindah, watu ambao kwa vizazi na vizazi walishuka na ngamia wao katika mapito ya milima kila majira ya baridi kwenda kuuza bidhaa India, kisha wakapanda tena. Biashara ya misafara walizaliwa nayo.

Lakini huko Australia jina liliwekwa kwa jicho tu. Mwenye kilemba na ngamia akawa Mwafghani, yakaisha. Humo wakaingizwa Wabulushi, Wasindhi, Wapunjabi, hata makalasinga. Bejah Dervish, ambaye pengine ndiye aliyesifiwa kuliko wote kwa kazi yake katika msafara wa uchunguzi wa Calvert mwaka 1896, alikuwa Mbulushi. Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa Mbulushi ni nani, maana askari wao walikuja kwetu na masultani. Karani wa Port Augusta, bandari ya Australia Kusini, hakujua tofauti, na sidhani kama alijali.

Hata majina hayakupona. Muhammad aliandikwa Mahomet, Mahomed au Mahommed, kwa kadiri karani alivyosikia siku hiyo. Ndugu wawili wa baba mmoja wangeweza kuzikwa kwa majina mawili ya ukoo. Wazao wanaotafuta asili yao hukwama papo hapo.

Walifikaje huko?

Kwa mkataba na kwa meli kutoka Karachi. Mwaka 1860 wakoloni wa Melbourne walikuwa wanaandaa msafara wa Burke na Wills, wa kuivuka Australia kutoka kusini hadi kaskazini. Walimtuma mtu India, akarudi na ngamia 24 pamoja na watu wa kuwaongoza. Burke na Wills wote wawili walifia njiani na leo wana masanamu. Dost Mahomet, mmoja wa waongoza ngamia, aliumizwa na ngamia akapoteza matumizi ya mkono. Alibaki Menindee akifanya kazi kwa mwoka mikate, na kaburi lake liko nje kidogo ya mji huo, peke yake, limeelekezwa kibla.

Wimbi kubwa lilianza 1866. Tajiri Thomas Elder aliagiza ngamia zaidi ya 120 na wanaume 31, wakashushwa Port Augusta. Upele uliwaua ngamia wengi, lakini waliobaki wakazalishwa katika shamba lake la Beltana. Kuanzia hapo meli hazikukatika kwa miongo kadhaa. Kwa makadirio ya wanahistoria, waliokuja ni kati ya watu 2,000 na 4,000, na ngamia hadi 20,000.

Mkataba wa kawaida ulikuwa wa miaka mitatu, mshahara chini ya ule wa mzungu. Mtu alitarajia kurudi kwao na akiba. Wengi walirudi, na hao historia haiwahesabu sana.

Kwa nini ngamia? Farasi na ng'ombe hawakutosha?

Farasi anataka maji kila siku, tena mengi. Katikati ya Australia visima vyaweza kuachana kwa mwendo wa siku kadhaa, na gari la ng'ombe huzama mchangani. Watu wa Marsabit au Wajir hili halihitaji mjadala.

Ila ngamia bila fundi wake ni hasara, na ufundi wenyewe ni wa kutazamwa kwa karibu. Ngamia hupigishwa magoti kwa neno moja, "hushta", neno ambalo Waaustralia weupe walilichukua wakalitia katika Kiingereza chao. Akishapiga magoti hupakiwa pande zote mbili kwa pamoja, mtu huku na mtu kule, kwa sababu mzigo usipolingana ubavuni mnyama atatoka kidonda mgongoni siku hiyo hiyo, na ngamia mwenye kidonda ni mzigo mwingine wa kubebwa. Matandiko yalishonwa na waongozaji wenyewe, yakajazwa majani makavu, yakaachwa uwazi katikati ili nundu ipite bila kusuguliwa. Puani hupitishwa kijiti, na kwenye kijiti hufungwa kamba inayokwenda kwa ngamia wa mbele. Kamba hiyo ilikuwa nyembamba makusudi: ngamia akijikwaa au akigoma, ikatike kamba, isichanike pua.

Msafara wa ngamia 70 uliweza kuendeshwa na wanaume wanne. Dume lenye nguvu lilibeba hadi kilo 600, na kwa siku nzuri wakatembea kilomita 40. Walibeba unga, chai, marobota ya sufu, mataruma ya reli, mabati, nguzo na nyaya za laini ya telegrafu iliyojengwa 1870 hadi 1872 kutoka Adelaide mpaka Darwin, na hata piano. Dhahabu ilipoonekana Coolgardie, Australia Magharibi, mwaka 1892, mahali pasipo maji wala chakula, ni misafara hiyo iliyowalisha wachimbaji.

Tena hawakuwa wapagazi tu. Mwaka 1873 William Gosse alikuwa mzungu wa kwanza kuufikia mwamba mkubwa wa Uluru, ambao wenyeji wake, Waanangu, waliujua tangu enzi na enzi. Aliupanda akiwa na Kamran, Mwafghani wake. Kisima kimoja karibu na pale alikipa jina la Kamran, na kilima kimoja akakipa jina la Allanah, mwenzake Kamran. Mwaka huo huo Peter Warburton alivuka jangwa la magharibi akiwa na Saleh na Halim, na walimaliza safari wakiwa wamewala karibu ngamia wao wote.

Je, ndio hao hao waliojenga reli ya Uganda?

Hapana, ila bandari ni moja. Vibarua waliojenga reli ya Mombasa kuanzia 1896, wengi wao Wapunjabi, walipakiwa Karachi vilevile, miaka ile ile, chini ya himaya ile ile. Gatini meli mbili, moja kwenda Kilindini na nyingine kwenda Port Augusta.

Waliishi wapi?

Pembeni. Karibu kila mji wa bara ulikuwa na kitongoji chao, kilichoitwa Ghantown, na mara nyingi reli ndiyo iliyokuwa mpaka. Mfano ulio wazi ni Marree, Australia Kusini, uliokuwa ukiitwa Hergott Springs. Upande mmoja wa reli hoteli, duka na wazungu. Upande wa pili Waafghani na Waaborijini. Watoto walivuka kwenda shule, wakubwa walivuka kununua na kuuza, jioni kila mtu kwake.

Msikiti wa Marree ulijengwa miaka ya 1880 kwa udongo, ukaezekwa majani, na mbele yake wakachimba bwawa la kutawadhia. Fikiria: mji ambao mvua yake ni ya kuhesabu matone, nao wakatenga maji ya udhu. Walipanda na mitende, na baadhi yake ingalipo.

Adelaide walijenga msikiti wa mawe mwaka 1888 na 1889 katika mtaa wa Little Gilbert, minara minne ikaongezwa 1903. Huko ndiko wazee walikokwenda kupumzika kazi ilipowashinda. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamebaki wachache, vikongwe wenye vilemba katika vyumba vidogo kando ya msikiti, wakingoja siku zao. Waliofika na kuujaza tena msikiti hawakutoka Kandahar, walikuwa Waislamu wa Bosnia waliokimbia Ulaya baada ya vita. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kinachogusa kuliko vyote katika habari hii, na vitabu vingi hukipita kwa mstari mmoja.

Kuna waliotajirika?

Wapo. Ndugu Faiz na Tagh Mahomet walikuwa na misafara mikubwa, wakafungua biashara Coolgardie. Tagh aliuawa msikitini Coolgardie akiwa katika sala, Januari 1896, na aliyemuua alinyongwa. Abdul Wade wa Bourke, New South Wales, alimiliki mamia ya ngamia, akajenga nyumba ya kitajiri na kusomesha watoto shule za wakubwa. Alivaa suti, aliwaalika wazungu nyumbani, akafanya yote ambayo mtu huambiwa afanye ili akubaliwe. Hakukubaliwa. Mwishowe alirudi Afghanistan.

Na yuko Mahomet Allum, mzaliwa wa Kandahar, aliyeacha ngamia akawa tabibu wa mitishamba Adelaide. Watu walipanga foleni mlangoni kwake, wengi wakatibiwa bure. Mwaka 1935 alishitakiwa kwa kujifanya daktari, akatozwa faini. Foleni haikupungua. Alifariki 1964.

Walikuja na wake zao?

Karibu hakuna. Mkataba ulimtaka mwanamume na ngamia. Wengine walikuwa wameacha mke na watoto nyumbani, wakawatumia fedha, na wengine hawakuwaona tena.

Waliobaki walioa huko. Baadhi walioa wazungu, mara nyingi wajane au wanawake maskini, na mwanamke huyo alihamia upande wa pili wa reli moja kwa moja, hata jamaa zake wakamkata. Wengi zaidi waliishi na wanawake wa Kiaborijini. Katika Australia Magharibi sheria ya 1905 ilimtaka mwanamke wa Kiaborijini apate kibali cha serikali kabla ya kuolewa na mtu asiye wa kwao. Jack Akbar na Lallie Matbar walikataliwa kuoana, wakatoroka kulivuka jangwa hadi Australia Kusini ili wawe mume na mke.

Walibaguliwa?

Swali hili huulizwa kana kwamba jibu laweza kuwa hapana.

Waendesha magari ya farasi na ng'ombe waliwachukia kwa sababu ngamia alibeba kwa bei nafuu. Ugomvi mkubwa ulikuwa visimani. Wazungu walidai Waafghani wanachafua maji kwa kutawadha, na mwaka 1894 huko machimbo ya magharibi mzungu aliwapiga risasi Waafghani wakiwa kwenye maji. Mahakama ikamwachia. Mwaka huo huo Coolgardie pakaundwa chama cha kuwapinga Waafghani. Leseni ya kuchimba dhahabu hawakupewa, ingawa chakula cha wachimbaji kilipita mikononi mwao.

Kisha ikaja sheria ya taifa zima. Mwaka 1901 Australia ilipoungana, miongoni mwa sheria zake za kwanza ilikuwa ya kuzuia wahamiaji wasio wazungu. Njia yake ilikuwa imla: afisa wa bandari angeweza kukusomea maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya aliyoitaka yeye, uandike. Unajua Kiingereza? Utasomewa lugha nyingine. Imla hiyo ilidumu hadi 1958. Sheria ya uraia ya 1903 nayo iliwafungia mlango wazaliwa wa Asia na wa Afrika, kwa hiyo hata Mswahili angekuwa katika foleni hiyo hiyo. Mwafghani aliyeishi huko miaka ishirini akitaka kwenda kumwona mama yake, ilimbidi aombe cheti cha kumruhusu kurudi, chenye picha yake na alama ya kiganja. Ninazozikumbuka zaidi katika kumbukumbu zao ni picha hizo: uso wa mbele, uso wa upande, kama za wahalifu, na mtu amevaa kilemba chake kizuri kabisa.

Nini kilitokea Broken Hill mwaka 1915?

Tarehe 1 Januari 1915 treni ilitoka Broken Hill, mji wa machimbo wa New South Wales, ikiwa na watu kama 1,200 waliokwenda kusherehekea mwaka mpya. Wanaume wawili waliwangojea kando ya reli na bunduki: Gool Mahomed, Mwafridi aliyewahi kuongoza ngamia na sasa akiuza aiskrimu kwa mkokoteni, na Mullah Abdullah, imamu na mchinjaji wa kambi ya ngamia. Walipeperusha bendera ya Uturuki juu ya mkokoteni wa aiskrimu, wakafyatua. Watu wanne walikufa siku hiyo, na wao wawili pia.

Uturuki ilikuwa imeingia vitani dhidi ya Uingereza, na Sultani wake alihesabiwa Khalifa. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni ndogo, lakini mzee Abdullah aliitaja mwenyewe kwa maandishi: mkaguzi wa afya alikuwa amempeleka mahakamani kwa kuchinja nje ya machinjio rasmi. Aliona dini yake imefungiwa hata kitoweo. Kueleza sababu si kusamehe, na waliouawa walikuwa watu wa kawaida na vikapu vya chakula mapajani.

Usiku ule kundi la watu lilichoma klabu ya Wajerumani, kisha likaelekea kambi ya ngamia. Polisi na askari wakalizuia.

Kazi ya ngamia iliishaje?

Kwa lori. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza magari yakaingia bara, na reli ikafika Alice Springs, mji wa katikati mwa nchi, mwaka 1929, nyingi ya vifaa vyake vikiwa vimebebwa na ngamia waliokuwa wanajichimbia kaburi. Mwaka 1925 Australia Kusini ilipitisha sheria ya kuruhusu kuua ngamia waliozagaa. Wenyewe wengi hawakuweza kumpiga risasi mnyama waliyekula naye jangwa. Wakawafungulia.

Wazao wao leo ni Waislamu? Wanasema Kipashto?

Kipashto kimepotea karibu chote. Mama hakukijua, shule haikukitaka, baba alikuwa safarini miezi minane kwa mwaka. Dini imebaki kwa wachache. Kwa wengine kilichobaki ni vipande: bibi ambaye hakupika nguruwe na hakusema kwa nini, mchuzi wa bizari na chapati katika nyumba ya Kiaborijini katikati ya jangwa, maiti kuzikwa upesi.

Majina ndiyo yaliyosimama imara. Utakuta akina Khan na Mahomed ambao ni Waaborijini kwa kila hali, wanaojivunia pande zote mbili. Alice Springs ina kitongoji kizima kiitwacho Sadadeen, kutokana na Charlie Sadadeen, mwongoza ngamia.

Waafghani ninaowaona Melbourne na Sydney ni wazao wa hao?

La. Hao wamefika hasa baada ya Urusi kuivamia Afghanistan mwaka 1979, na mawimbi mengine baada ya Taliban kushika nchi, mara ya kwanza 1996 na ya pili 2021. Wengi wao ni Wahazara, wanaosema Kihazaragi, na wamekuwa na visa vyao virefu na Wapashtuni huko nyumbani. Usimwambie Mhazara wa Dandenong, kitongoji cha Melbourne, kwamba babu yake alikuja na ngamia. Wapashtuni wapya wapo pia, nao wamewakuta wenzao wa jangwani kama mtu anayekuta binamu asiyejua lugha.

Na ngamia wale waliofunguliwa?

Walizaana. Ndio kundi kubwa kuliko yote duniani la ngamia wa porini. Kuna wakati walidhaniwa kufika milioni moja, kisha hesabu ikapunguzwa hadi mamia ya elfu. Wakati wa ukame huvamia visima vya Waaborijini na kuvunja mabomba, na serikali huwapiga risasi kutoka helikopta. Baadhi huchinjwa kwa nyama, baadhi husafirishwa hai kwenda nchi za Ghuba. Alice Springs huwa na mashindano ya mbio za ngamia kila mwaka tangu 1970.

Nikipanda ile treni ya Ghan nitapita walikoishi?

Utapita Alice Springs, na tangu 2004 utafika mpaka Darwin. Tiketi si ya mfuko mwembamba. Lakini Marree hutapita. Reli ya zamani ilisombwa na mafuriko mara nyingi mno, na mwaka 1980 njia ikahamishiwa magharibi. Kwenda Marree unakodi gari kutoka Adelaide, mwendo wa siku nzima, lami ikiishia karibu na hapo. Injini mbili za zamani zimeachwa kwenye kituo, zinapata kutu juani. Ng'ambo ya reli iliyong'olewa utaona kibanda cha miti na majani, kimejengwa upya mahali pa msikiti, na nyuma yake mitende.